Kazi ya Mikono Yetu na Sanduku Letu: Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi

Ndugu mgeni rasmi, Afisa wetu wa Maendeleo ya Jamii. Wenyeviti wa vikundi jirani mliovuka kivuko asubuhi yote hii kuja kutuunga mkono. Masheikh wetu na wachungaji wetu. Waume zetu ambao leo mmekubali kukaa viti vya nyuma. Na ninyi wanachama wenzangu, mama zangu, dada zangu na wadogo zangu.

Katibu amekwisha kusoma historia ya kikundi, na mweka hazina atasoma mahesabu baada yangu, kwa hiyo mimi hayo sitayarudia. Mnajua wote tulianza na daftari moja na sanduku la mbao, na funguo tatu zikakaa nyumba tatu, na funguo hizo hazijapotea hata siku moja mpaka leo. Hilo linatosha kwa historia.

Mimi nimeomba nafasi niseme jambo moja tu, nalo ni hizi kazi mlizoziona zimepangwa pale mezani. Nimeliomba kwa sababu Jumamosi ijayo tunapiga kura. Lipo pendekezo kwamba katika faida ya mwaka huu, fungu moja katika kumi lisigawiwe, libaki sandukuni liwe mfuko wa kazi za mikono. Wapo wanaotaka na wapo wasiotaka, na wasiotaka wana sababu za maana kabisa, nitazisema. Lakini nataka kila mtu anyooshe mkono akijua anachonyooshea.

Pale mezani kuna mikeka, misala, makawa, vipepeo, vikapu vya sokoni. Hivyo mnavijua. Kuna na vitu vingine ambavyo nimeona wageni wanavishika wanavigeuza, wanaulizana hiki nini. Ile iliyoning'inia ni kofia ya taa. Vile vya duara ni vya kuwekea sufuria ya moto isiunguze meza, vimesukwa kwa usumba wa nazi. Ile mikoba midogo yenye vishikio ni ukili umechanganywa na kamba ya mkonge. Vyote ni kazi ya wanachama wa kikundi hiki.

Kwanza niwaambie waume zetu maana ninyi mkeka mnauona umetandikwa tu, mnavua viatu mnalala. Ukindu hukatwa lile jani changa ambalo halijafunguka, na ukatwe na mtu anayejua, kwa sababu ukiondoa na moyo wake ule mti umeuua. Ukifika nyumbani unaanikwa, unaingizwa jioni usipigwe na umande, unaanikwa tena, mpaka uwe mweupe. Halafu unachanwa, nyuzi ziwe sawasawa, nyembamba kwa kazi nzuri na pana kwa jamvi. Halafu rangi. Bibi zetu walichemsha mizizi ya mdaa wakapata nyeusi, manjano wakapata njano. Siku hizi tunanunua rangi ya unga dukani, inakolea upesi, ingawa nyingine ukitandika mkeka juani mwezi mmoja imepauka. Halafu ndiyo unasuka ukili, utepe mrefu, unapimwa kwa pima, yaani mikono miwili umeinyoosha, na utepe huo huo mmoja ndio unaozungushwa na kushonwa ukingo kwa ukingo mpaka unakuwa mkeka au kikapu. Mkono ukitetereka katikati, utaona huko mwisho, mkeka unavuta upande.

Basi, mwaka juzi tulikaa watu sita na saa ya simu, tukahesabu kikapu kimoja cha sokoni, cha kawaida. Kuchana na kutia rangi, saa tatu. Kusuka ukili, saa tisa. Kushona, saa nne. Kutia masikio na kumalizia, saa moja. Jumla saa kumi na saba. Kuanika hatukuhesabu, tukasema jua ni la Mungu. Kikapu kile mchuuzi wa pikipiki anakichukua kwa sh. 7,000. Ondoa sh. 2,000 ya ukindu na rangi. Zinabaki sh. 5,000 kwa saa kumi na saba. Mwenzetu mmoja aliyekuwa na simu akabonyeza akasema haifiki sh. 300 kwa saa. Tukanyamaza. Kisha mama mmoja akasema, "Kwa hiyo saa yangu nzima ni andazi moja la stendi." Tukacheka, lakini haikuwa ya kucheka.

Naomba nisieleweke vibaya. Mchuuzi yule si mwizi. Ana mafuta ya pikipiki, ana barabara mbaya, ana watoto kama sisi. Yeye anakuja na bei na sisi tunakubali. Na kwa nini tunakubali? Tunakubali kwa sababu anakuja Alhamisi, na Ijumaa mtoto amerudishwa shule. Mtu mwenye shida ya Ijumaa hana uwezo wa kukataa bei ya Alhamisi. Hapo ndipo mimi naona sanduku letu linahusika na ukili, na ndilo jambo nililosimama kulisema leo. Tumezoea kusema sanduku linatupa mkopo. Ni kweli. Lakini sanduku linaweza kutupa kitu kingine ambacho hatujakitumia, linaweza kutupa nafasi ya kusubiri. Mwenye akiba anaweza kukiweka kikapu ndani mwezi mzima akangoja mteja anayejua thamani yake. Mwenye akiba anaweza kujaribu kitu kipya, kikiharibika asilale njaa.

Maana vitu vipya ndivyo vinavyobadilisha bei. Kikapu kilekile cha bibi, hata ukikisuka vizuri namna gani, mchuuzi anacho kingine mia. Wala sisemi kazi ya bibi ni mbaya! Bila mkono wa bibi hakuna kitu. Ninachosema ni kwamba mkono ni ule ule, fikra ndiyo iongezwe.

Nitoe mifano ya watu, maana wengine mnadhani ubunifu ni wa wasomi na wenye vifaa vya Ulaya.

Edward Saidi Tingatinga alikuwa mtu wa Tunduru. Alikuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huku huku kwetu mkoa wa Tanga, kisha akaenda Dar es Salaam akafanya vibarua vya kila aina. Mwaka 1968 akaanza kuchora. Hakuwa na turubai la wachoraji wala rangi zao. Alichukua bodi za dari, na rangi zile za kung'aa za kupaka baiskeli, akachora wanyama na ndege. Rangi ya baiskeli inang'aa na haitoki upesi, hiyo unaijua kama umewahi kuwa na baiskeli. Wazungu wa Oysterbay wakazinunua. Alifariki mwaka 1972, yaani kazi yake yote ni kama miaka minne tu, lakini jamaa zake aliokuwa amewafundisha wakaendelea, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Leo mtindo ule unaitwa kwa jina lake duniani kote. Mtu aliyekata mkonge!

Lakini Tingatinga ana na fundisho la upande wa pili. Nenda leo kwenye maduka ya vinyago, Dar es Salaam, Zanzibar, hata Nairobi, utakuta ukuta mzima wa picha, twiga yule yule, mbuyu ule ule, machweo yale yale. Mgeni anasimama hajui achukue ya nani, mwisho anachukua ya bei ya chini. Wapo mafundi wazuri humo wanaovumbua mambo yao, lakini wamefunikwa na wanaoiga. Nawaambia hili kwa sababu hapa kwetu mtu mmoja akiuza maandazi, wiki ijayo tuko kumi na wawili tunauza maandazi.

Mwingine ni mama wa Kenya, Rosemary Karuga. Huyu nampenda kwa sababu ya umri wake. Alizaliwa Meru mwaka 1928, akawa mwanamke wa kwanza kusomea sanaa Makerere, kule Uganda, mwaka 1950 mpaka 1952. Halafu akarudi kwao akawa mwalimu wa shule ya msingi, akaolewa, akalea, na miaka ikapita. Alipostaafu ndipo akarudia sanaa. Rangi ni ghali, hakuwa nazo. Akachukua karatasi za kufungia sabuni ya Rexona, mifuko ya unga, na kurasa za magazeti yanayong'aa, akazikata vipande vidogo vidogo, akavibandika mpaka vikawa picha za wanawake, kuku, mbuzi, watoto, maisha ya kijijini. Ukiitazama kwa mbali unadhani imepakwa rangi. Mwaka 1990 kazi zake zilipelekwa New York kwenye maonyesho ya wasanii wa Afrika, na katika wasanii wale mwanamke alikuwa yeye peke yake. Alikuwa na miaka sitini na kitu. Alifariki mwaka 2021. Kwa hiyo wale mnaoniambia, "Mwenyekiti, sisi umri umekwenda," mimi jibu langu ni mfuko wa unga.

Na wa tatu ni mfinyanzi, Magdalene Odundo, alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Alikwenda Uingereza mwaka 1971 kusoma, na huko ndiko akapenda udongo. Sasa sikilizeni alikwenda wapi kujifunza. Alirudi Afrika, akaenda Abuja, Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi ambako alikuwepo mama mmoja anaitwa Ladi Kwali. Ladi Kwali alijifunza kufinyanga kijijini kwao kutoka kwa shangazi yake, hakuanzia darasani, na leo picha yake iko kwenye noti ya naira 20 ya Nigeria. Odundo akajifunza kwa akina mama kama hao. Vyungu vyake mpaka leo havizungushi kwenye gurudumu, anavipandisha kwa mkono, kipande juu ya kipande, anavikwangua, anavisugua mpaka ving'ae bila kupakwa kitu cha kung'arisha kama vioo. Akivichoma mara ya kwanza vinatoka vyekundu, akivirudisha kwenye moshi vinakuwa vyeusi. Mama wa Kipare anayefinyanga chungu anaijua kazi hiyo karibu yote. Tofauti ni kwamba Odundo alikitazama kile chungu akakipa shingo ndefu, akakipa tumbo, akakipa mgongo kama mwanamke aliyesimama. Vyungu vyake vimewekwa kwenye majumba makubwa ya makumbusho, lile la Uingereza likiwemo. Hakuna anayevipikia maharage.

Najua kuna mtu ananong'ona huko, "Mwenyekiti, hao ni watu mmoja mmoja wenye vipaji vyao. Sisi ni kikundi." Sawa. Twende Rwanda. Baada ya mauaji ya mwaka 1994 akina mama wajane, na akina mama ambao waume zao walikuwa gerezani, walikaa pamoja kusuka agaseke, kile kikapu chao chenye mfuniko uliochongoka. Ni kikapu cha zamani, kimo mpaka kwenye nembo ya taifa lao. Walichofanya ni kubadili rangi, kubadili ukubwa, kutengeneza na bakuli bapa za kutundika ukutani, na zaidi ya hayo, wakakubaliana kipimo. Mwaka 2005 duka kubwa la Marekani linaloitwa Macy's likaanza kuviuza. Duka la namna hiyo haliagizi kikapu kimoja. Likiagiza mia, linataka mia vinavyofanana. Hapo ndipo vikundi vingi vinavunjika, na sisi tumekwisha kulionja.

Naija kwenye kofia ya taa.

Binti mmoja wa kikundi chetu, sitamtaja maana ana haya, alichukua ukili mwembamba aliousuka kwa ajili ya msala, akaushona kwa kuacha nafasi katikati ya nyuzi, badala ya kubana kama tulivyofundishwa. Akaufanya kama kengele, akautundika juu ya balbu ya sebuleni. Usiku ukuta mzima ukawa na vivuli kama maji yanayocheza. Alipouleta kikundini baadhi ya wenzetu walicheka, wakasema eti siku hizi taa nazo zinavaa kofia, kesho jiko litavaa kanga. Mwingine akauliza jambo la maana zaidi, akasema ukindu mkavu juu ya taa si utaungua? Jibu ni kwamba zile balbu za zamani za waya zilikuwa na moto, kweli zingeuchoma. Hizi za siku hizi za kuokoa umeme hazina joto namna hiyo. Lakini tumeweka sharti, ukili usiguse balbu, na kila kofia tunayouza tunamwambia mnunuzi aina ya balbu ya kutumia.

Mwenye nyumba moja ya wageni ya ufukweni akaiona, akaagiza nane. Nane! Kwa bei ambayo kila moja ilikuwa vikapu vitano vya mchuuzi. Wakagawana watu wanne, kila mmoja mbili. Zilipopelekwa, tano zikapokelewa na tatu zikarudishwa. Hazikuwa mbaya. Mshono safi, rangi nzuri. Ila moja ilikuwa pana kuliko wenzake kwa vidole vitatu, nyingine fupi, nyingine imeinama kidogo. Sisi tunapima kwa pima, na pima yangu mimi mfupi si pima ya mama mrefu. Kwa mkeka wa nyumbani hakuna neno. Kwa taa nane katika mstari mmoja, jicho linaona.

Wenzetu wale watatu walilia, nami siwalaumu, maana ukindu ule walikuwa wameununua kwa fedha za matumizi ya nyumbani. Kama mfuko huu ninaousema ungekuwepo, hasara ile ingebebwa na kikundi, tungejifunza pamoja. Badala yake ilibebwa na watu watatu, na mmoja wao mpaka leo hataki kusikia habari ya taa.

Baadaye tulimwendea fundi seremala akatuchongea kalibu ya mti, ukubwa wa aina tatu, tukaipa namba. Sasa kila mtu anashonea juu ya kalibu na kofia zinatoka mapacha. Tulinunua na futi ya fundi cherehani. Vitu viwili hivyo, kalibu na futi, vimeongeza heshima ya kazi yetu kuliko rangi zote tulizowahi kununua.

Sasa nije kwa wale wasiotaka mfuko huu, maana nimeahidi.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba fedha ya sanduku ni ya jasho, si ya majaribio. Kweli. Ndiyo maana limependekezwa fungu moja katika kumi ya faida, na hisa za mtu hazitaguswa kabisa. Faida ikiwa ndogo, mfuko utakuwa mdogo. Hisa yako iko pale pale.

Hoja ya pili wanasema sio wote tunasuka. Kuna wauza samaki, kuna mama ntilie, kuna mwenye cherehani. Kwa nini faida yangu ya samaki ikanunue ukindu? Hili ni swali zito, na nakubali kwamba mpaka leo halina jibu la kumridhisha kila mtu. Ninachoweza kusema ni kwamba mfuko ukikopesha, utarudisha na riba kama mkopo mwingine wowote, na riba ile inarudi kwa wote. Ila fedha ya jaribio lililoshindikana haitarudi. Hapo muuza samaki atakuwa amemchangia msusi, na lazima tuseme hivyo waziwazi, tusidanganyane. Tumependekeza jaribio moja lisizidi gharama ya vikapu kumi, na kamati ya watu watano ikubali kwanza, na wawili kati yao wasiwe wasusi.

Hoja ya tatu imesemwa na mama mmoja mtu mzima ninayemheshimu sana. Alisema, "Mwanangu, watu wanataka plastiki." Nami nimefikiri sana juu ya neno lile. Mikeka ya plastiki imeingia kila nyumba, ni rahisi, inafutwa kwa maji, inapendeza. Kushindana nayo kwa bei hatuwezi, tusijidanganye. Lakini kumbukeni tarehe 1 Juni 2019, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea. Kenya walikuwa wametangulia mwaka 2017, Zanzibar zamani zaidi. Wiki zile vikapu vyetu vilitoka kama maji. Tukadhani neema imefika. Kisha ikaingia ile mifuko mbadala, inayofanana na kitambaa, bei ya chini, na kikapu kikarudi pembeni. Mimi nilichojifunza ni kwamba sheria inaweza kufungua mlango, lakini aliye tayari na bidhaa ndiye anayeingia. Sisi tulikuwa na kikapu kile kile kikubwa cha kwendea gengeni, wakati mfanyakazi wa ofisini alitaka kitu cha kutia pochi na simu, chenye kufunga juu kwa zipu au kifungo, kisichomchana gauni. Hatukuwa nacho. Leo tunacho, kile pale cha pembeni chenye kitambaa cha kanga ndani, ambacho mwenye cherehani wetu ndiye alikitia kitambaa. Mnaona basi, hata asiyesuka ameingia kwenye ukili.

Na plastiki nayo si lazima iwe adui. Lamu mafundi wa majahazi, wakiongozwa na fundi Ali Skanda, walitengeneza dau zima kwa plastiki iliyookotwa, na ubavuni wakalivisha vipande vya kandambili zilizookotwa ufukweni, za rangi zote. Linaitwa Flipflopi. Plastiki yake ni kama tani kumi, na kandambili kama 30,000. Mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu mpaka Zanzibar, na njiani likasimama miji ya pwani watu wakaenda kulishangaa. Hapa kwetu maji yakijaa na kutoka yanaacha kandambili kila siku. Sisemi tuunde dau jamani, msije mkaniambia Jumamosi mwenyekiti anataka bandari. Nasema watoto wetu wanazipita kila asubuhi kwenda shule.

Jambo dogo kuhusu mkonge, kwa sababu vijana hawajui. Mkonge uliletwa nchi hii mwaka 1893 na Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, miche elfu moja kutoka Marekani, ikafika hai 62 tu, ikapandwa hapa hapa Pangani. Wazee wetu wakaukata kwa kibarua zaidi ya nusu karne, mashamba ya watu. Akina mama wa Ukambani na Ukikuyu, Kenya, waliuchukua uzi wa mkonge wakasukia vyondo, wakavitia mikanda ya ngozi, vikauzwa sana Ulaya na Marekani miaka ya 1970 na 1980. Baadaye viwanda vya Asia vikaviiga, soko likaanguka, na waliosalimika ni wale walioendelea kubadili mitindo na kutafuta wanunuzi wao wenyewe. Sisi tuliozungukwa na mkonge tulikuwa hatujausukia hata kikapu kimoja mpaka mwaka juzi.

Kwa hiyo pendekezo lenyewe liko hivi, na limeandikwa nyuma ya kitabu hiki mpate kulisoma nyumbani na waume zenu. Fungu moja katika kumi ya faida liwe mfuko wa kazi za mikono kwa miaka miwili, kisha tutazame tena. Mfuko ununue ukindu kwa pamoja wakati wa bei nafuu, na uhifadhiwe pakavu, maana mwaka jana mzigo mmoja uliota ukungu. Mfuko umlipe msusi nusu ya bei siku anapoleta kazi iliyokaguliwa, ili Ijumaa ya shule isimkimbize kwa mchuuzi. Nusu ya pili aipate kazi ikiuzwa. Kazi isiyofika kipimo irudishwe kwa upole, na asiyejua afundishwe. Kila kazi ifungiwe kikaratasi chenye jina la aliyeisuka, kwa mwandiko wake mwenyewe, na asiyejua kuandika mwanawe amwandikie. Na tuombe kijiji kipande cha ukingo wa mto tupande ukindu, kwa sababu sasa tunaufuata mbali kila mwaka.

Ombi langu la mwisho ni kwa waume zetu. Mke wako akisuka usiku, mwashie taa. Akisema hauzi Alhamisi hii, anangoja, usimwambie anaringa.

Kofia za taa zilizobaki mezani ni sita, na mgeni rasmi amekwisha kushika moja, kwa hiyo zimebaki tano. Bei imeandikwa na haipungui. Sasa namkaribisha mweka hazina aje na daftari lake atusomee mahesabu, na wenye funguo tatu wasogee mbele.

Wanawake oyee!